Msaragambo wa nyumba: Jumapili nani anamwagilia?

Ukiitisha msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, wa kumjengea mjane nyumba kule Marangu au Kibosho, Jumamosi watu watajaa. Jumapili humuoni mtu, na hapo ndipo nyumba inapoanza kuharibika. Saruji hukomaa kwa maji. Tofali lililofyatuliwa leo linatakiwa limwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku 7 zisizopungua, likiwa limefunikwa majani makavu ya mgomba. Likiachwa juani hivihivi, utalikwaruza kwa msumari limeguke kama biskuti.

Kwa hiyo kabla ya kununua hata mfuko mmoja, panga zamu ya maji kwa majina. Na maliza suala la ardhi. Kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, ni cha ukoo, hivyo mashemeji waandikishane mbele ya mwenyekiti wa kitongoji msingi haujachimbwa. Nyumba mpya huamsha madai yaliyokuwa yamelala.

Tofali la inchi 6 likisimamishwa, mita moja ya mraba inakula 9. Vyumba viwili na sebule, tuseme kuta za jumla ya mita 40 kwa kimo cha mita 2.7, ukitoa milango na madirisha utahitaji kama 870. Andaa 950, maana yapo yatakayovunjika. Tofali moja lina kilo 30 hivi. Lori likimwaga barabarani na kihamba kiko bondeni, hapo kuna zaidi ya tani 28 za kubeba kwa mabega, na hiyo ndiyo kazi ya wanaojitolea. Kupanga mwachieni fundi na timazi yake.

Ukishuka tambarare za chini ya mji wa Moshi, kama Mabogini, hofu ni udongo mweusi: kiangazi unapasuka, masika unavimba na kuupasua ukuta. Chimba mpaka uupite, hata kama fundi anasema futi mbili zinatosha.

Siku ya lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, ndiyo ya kuwa macho. Zege ni mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, toroli moja ya mchanga, mbili za kokoto, maji kama lita 25, yaani ndoo kubwa na robo. Mstari wa makarai ukichoka, atatokea mtu wa kuongeza maji ili zege liwe laini kubeba. Mzuieni, hata akiwa mzee wa kanisa. Maji ya ziada yakikauka huacha vitundu, na zege linakuwa dhaifu. Nondo 4 za milimita 12, ringi za kuzifunga kila sentimita 20, na chini yake vijiwe vya sentimita 2.5 ili nondo isilale kwenye ubao. Ikilala, itabaki nje mbao zikitolewa, ipate kutu. Nondo zinapoungana, zipishane sentimita 60.

Paa halina mengi: mbao zilizopakwa dawa, bati la geji 28, misumari ipigwe juu ya mgongo wa bati wala si bondeni.

Anzeni Juni, masika yakishapita. Lenta nayo ifunikwe magunia yaliyolowa, siku 7 vilevile. Mbao zinazoishikilia kwa chini, pale juu ya milango na madirisha, zisitolewe kabla ya siku 14, hata mwenye mbao akija kuzidai.