Ile siku ya kwanza mahakamani

Juzi nimesoma kesi ya Walter Rothgery wa Texas, Marekani, na mpaka leo haijanitoka kichwani. Mwaka 2002 alikamatwa kwa kosa la kuwa na bunduki wakati haruhusiwi, kwa kuwa kumbukumbu za polisi zilionyesha ana hatia ya zamani ya kosa kubwa, kumbe hana kabisa! Akapelekwa kwa hakimu peke yake, hakuna wakili, akapangiwa dhamana ya dola 5,000. Alitoka, akawa anaomba wakili wa serikali, anaomba tena na tena, hapewi. Miezi 6 baadaye akakamatwa upya kwa shtaka lile lile, dhamana ikapandishwa mpaka dola 15,000, pesa hana, akakaa ndani wiki 3. Alipopewa wakili hatimaye, yule wakili alikusanya karatasi za kuonyesha hakuwahi kutiwa hatiani, akampelekea mwendesha mashtaka na kesi ikafutwa. Karatasi tu jamani! Hizo karatasi zingetafutwa tangu wiki ya kwanza.

Akafungua kesi kwa kunyimwa wakili, na mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa haki, ikasema haki ya kuwa na wakili inaanza pale mtu anapofikishwa kwa hakimu mara ya kwanza. Ila haikusema wakili lazima awepo siku hiyo hiyo, na hapo ndo panaponiuma, maana siku hiyo ndo dhamana inaamuliwa na mara nyingi ni dakika chache tu.

Mtu ametoka mahabusu hajalala, kachanganyikiwa, akiulizwa kitu anaanza kusimulia tukio zima, na maneno yake yanaweza kuja kutumika dhidi yake. Wakili hafanyi hivyo, yeye anamwambia hakimu huyu anaishi mahali fulani, ana kazi, ana watoto, hatakimbia. Kule Baltimore, Marekani, watafiti walifuatilia kesi za namna hii wakakuta wenye wakili waliachiwa kwa ahadi tu ya kurudi, bila kulipa hela, zaidi ya mara 2 na nusu ya wasio na wakili.

Na anayebaki rumande, kazi inapotea, kodi ya nyumba inamsubiri, watoto hajui wamelala wapi, halafu anaambiwa kiri kosa utoke leo. Wengi wanakiri, hata ambao wangeshinda kesi mbele ya safari.