Siku Chache za Rebeka

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Baada ya miezi 11 ya kukaa nyumbani, wiki hii nimepata kazi. Nimekabidhiwa lori la mafuta, Dar es Salaam hadi Lubumbashi. Mnajua tulivyoliombea jambo hili kwenye jumuiya, wengine mlifunga pamoja nami, na Mungu amejibu. Jumatatu alfajiri naondoka.

Jumatano jioni mke wangu alikuwa ananipangia vitu: jiko dogo la gesi, sufuria mbili, unga, dagaa aliokwisha kuwakaanga, blanketi kwa ajili ya baridi ya Makambako. Binti yetu wa miaka sita akakaa juu ya begi, akaniuliza, "Baba, unaenda siku ngapi?" Nikamjibu, "Siku chache tu, mama." Akaridhika, akatoka kucheza. Mke wangu hakusema neno. Shati alilokuwa amelikunja akalikunjua, akalikunja tena.

Yeye anajua. Mpaka Tunduma peke yake ni zaidi ya kilomita 900, halafu Nakonde, halafu Zambia yote hadi Kasumbalesa, na pale mpakani mwa Kongo lori linaweza kulala foleni mpaka dereva akasahau ni siku gani ya juma. Wenzangu huhesabu mwezi. Mambo yakigoma, mwezi na nusu.

Usiku usingizi ulikataa. Nikafungua Mwanzo 28, pale Mungu anaposema na Yakobo huko Betheli, maana ndiyo ahadi tunayowapa wasafiri siku zote: "Na tazama, mimi nipo pamoja nawe, nitakulinda kila uendako." Lakini jicho langu likaangukia sura ya nyuma yake, pale Rebeka anapomtuma mwanawe Yakobo kwa mjomba wake Labani. Anamwambia, "Ukae kwake siku chache." Maneno yangu yale yale! Na siku chache hizo zikawa miaka 20. Yakobo mwenyewe anamhesabia Labani katika sura ya 31. Aliporudi tunamwona akifika kwa Isaka baba yake. Tunasoma hata habari za mlezi wa Rebeka, alivyozikwa chini ya mwaloni karibu na Betheli. Lakini Rebeka na mwanawe hatuwaoni tena pamoja.

Nikamkumbuka babu yangu mzaa baba. Alitoka Ubena akaenda manamba, kukata mkonge Tanga. Aliaga kwa mkataba mmoja. Bibi alibaki na mtoto mgongoni na mwingine tumboni, na huyo wa tumboni ndiye baba yangu. Mkataba ulipokwisha akachukua mwingine, kisha mwingine. Bibi alituambia hakuwa mtu mbaya, alikuwa mpole mno. Ila aliona haya kurudi mikono mitupu, na kila mwaka haya ile ilizidi kuwa nzito. Alizikwa huko huko. Kaburi lake hatulijui.

Sasa niseme na ninyi ndugu zangu mlio mbali, nami naanza safari hiyo hiyo, kwa hiyo najisemea mwenyewe kwanza. Kutuma pesa ni wajibu, na anayetuma Mungu ambariki. Lakini simu ya mama ikiingia ujumbe wa pesa, mtoto hajamwona baba. Wewe uliyeko Lubumbashi mwaka wa nne, uliyeko Muscat na mkataba umekwisha mara mbili, ni nini hasa kinachokuzuia? Simsemi aliyenyang'anywa pasipoti, huyo tunamlilia mbele za Mungu. Namsema mwenye nauli mfukoni anayengoja kwanza nyumba ifike kwenye lenta, kwanza kiwanja cha pili, kwanza gari. Rudi, ndugu yangu. Yakobo alikuwa na kondoo, ngamia na watumishi, na bado Bwana alimwambia arudi mpaka nchi ya baba zake na kwa jamaa zake. Ahadi ya Betheli haikuishia kwenye kulindwa njiani. Bwana alisema pia, "nami nitakuleta tena mpaka nchi hii." Tunaipenda nusu ya kwanza, tunaiandika hata kwenye vioo vya magari. Ile nusu ya pili nayo ni ya Mungu.

Kuhusu vishawishi vya njiani Yusufu alikwisha kutujibia: "nifanyeje ubaya huu mkubwa nikamkose Mungu?" Sina la kuongeza.

Alhamisi asubuhi nilimwita binti yangu nikamwomba msamaha. Nikamwambia, "Jana nilikuambia siku chache. Siyo chache, mama. Ni nyingi." Alilia. Nilimwacha alie. Kisha tukashusha kalenda ukutani, tukahesabu Jumapili sita, tukaizungushia ya sita wino mwekundu. Nimepatana na mama yake kwamba nitanunua laini ya Zambia pale Nakonde, na saa mbili usiku, popote nilipo, nitawapigia tusome Zaburi ya 121 pamoja, hata kama ni mistari miwili kabla salio halijakata.

Nanyi mnaobaki nina ombi moja. Mnapopita na mapikipiki yenu mkitoka ibadani, msipige honi tu getini kwangu mkaendelea. Shukeni. Ingieni hata mnywe maji, mumwulize mtoto imebaki Jumapili ngapi.