Siti ya benchi ya Hilux: ipindue kwanza

Kila nikipita gereji za Gerezani, hapa Dar, nakuta siti ya benchi, ile moja ndefu ya mbele, imetupwa nje, vijana wameikalia wakisubiri kazi, na pikapu yake imefungwa viti viwili vya Toyota Noah. Roho inaniuma. Mafundi wetu mikono wanayo, ila tumezoea kuipima siti kwa kava, wakati kava ndilo la mwisho kutazamwa.

Ipindue, uone kama ni ya kiwandani. Hilux yangu ni ya miaka ya sabini, toleo lililofuata lile la kwanza la 1968, na mzee aliitumia kubebea nazi kutoka Mkuranga. Chini ya siti ya kiwandani fremu imekunjwa kwa mashine, pande zote mbili zinalingana, spiringi zina nafasi sawa. Ukikuta kipande cha nondo kimechomelewa, jua fundi ameshapita hapo. Halafu angalia sakafu: matundu mapya yenye washa kubwa (vile vibati vya duara vya bolti) chini maana yake siti imehamishwa kutoka gari lingine. Na anayekuuzia Land Rover Series akisifia benchi ndefu ya mbele kuwa ni ya asili, usimwamini. Zile mbele zilikuja na siti tatu mbalimbali.

Sasa kava. Hapa Dar siti ya umri huo imeshashonewa juu kwa juu. Yangu ilikuwa na leza nyeusi, chini yake kijani, na chini kabisa, kwenye kona, kipande cha reksini (ngozi ya plastiki) ya kahawia kisichozidi kiganja, bado kimebanwa na pete ya waya. Jua halikuwahi kukifikia, kwa hiyo rangi ilikuwa ileile. Nikazunguka nacho Kariakoo, duka kwa duka, mpaka nikapata inayofanana. Mistari ya kipande kile cha zamani ilikuwa imebanwa kwa moto, si uzi. Cherehani haiwezi kuirudia hiyo, basi tukashona kwa kufuata upana uleule wa mistari, na nimeridhika nayo.

Kwenye spiringi tulibishana.

"Bosi, hizi tung'oe, tujaze sponji nzito, yaishe."

"Hapana fundi. Zilizokatika tubadilishe, nzima zibaki."

Sponji peke yake hulala baada ya muda, ukajikuta umekalia chuma. Fremu tuliipiga brashi ya waya na msasa, kisha praima, kwa sababu chumvi ya hewa ya huku haina huruma na bati lililo wazi. Juu ya spiringi tukatandika gunia la katani, tukalikaza kwa waya, ndipo sponji ikafuata: ngumu ya kukalia, laini kidogo ya mgongoni. Gunia hilo wengi hulikwepa kuokoa pesa kidogo. Bila gunia spiringi huitafuna sponji kutokea chini, na wewe juu huoni kitu mpaka siti imebonyea.

Kava lenyewe tulilianika juani kwanza. Reksini ikipata joto hulegea, unaivuta kuanzia katikati kwenda pembeni bila kukunjamana. Ikipoa inajikaza yenyewe.

Kilichobaki ni reli ya kushoto inayoshika siti sakafuni, meno yake yameisha na siti inateleza nikifunga breki. Kama kuna anayevunja Hilux ya miaka hiyo, tafadhali asiiuze reli kwa kilo za chuma chakavu. Niandikie hapa chini, nitaifuata popote ilipo.