Nilivyokagua Mercedes C200 (W204) ya mkononi kabla ya kutoa pesa

C200 ya umbo la W204, iliyotengenezwa kuanzia 2007 hadi 2014, siku hizi Dar es Salaam inauzwa kwa bei ya gari dogo la Kijapani. Bei hiyo ina sababu. Wengi huuza pale bili kubwa inapokaribia: cheni ya taimingi imeanza kulia, gia boksi inagonga, au stelingi imegoma kufunguka asubuhi mbili tatu. Ndiyo maana ukaguzi wangu wote ulikuwa wa kutafuta bili zilizokwisha kulipwa na zile ambazo ningezirithi mimi. Nilikagua nne, nikanunua ya nne.

Simu ya kwanza kwa dalali nilimpa ombi moja tu: gari lisiwashwe kabla sijafika. Nikifika, kabla ya salamu kuisha, naomba boneti ifunguliwe na ninashika mfuniko wa juu wa injini na paipu ya rejeta. Kama kuna joto, nasema nitarudi kesho. Injini ya hii Benzi ikishapata moto huficha karibu kila ugonjwa wake, na wauzaji wanalijua hilo kuliko sisi.

Vifaa nilivyobeba: tochi, glavu, tishu, bisibisi ndefu, sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa laini, mita ya umeme, na kile kidude cha kusoma kompyuta ya gari kinachounganishwa na simu kwa Bluetooth.

Kwanza jua ni injini ipi. C200 za mwanzo ni Kompressor, yaani hewa inasukumwa ndani na pampu inayozungushwa na injini yenyewe; jina limeandikwa kwenye buti. Za kuanzia mwishoni mwa 2009 hivi ni CGI, yenye tabo na mafuta yanayopulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Zote ni silinda nne, ujazo wa cc 1796, nguvu za farasi 184, familia moja ya M271. Mimi nilitaka Kompressor. CGI inakula mafuta kidogo zaidi, lakini gia za kamshafti zake (kamshafti ni mhimili unaofungua valvu, unazungushwa na cheni ya taimingi) zina sifa mbaya zaidi ya kulika, na masizi hujikusanya kwenye valvu kwa sababu hakuna petroli inayopita pale kuziosha.

Sasa kuwasha. Mpe mtu mwingine ufunguo, wewe simama mbele ya gari, sikio karibu na sehemu ya mbele ya injini. Ukisikia mkwaruzo kama sarafu zinatikiswa ndani ya kopo kwa sekunde moja au mbili kisha ukaisha, huenda ni tenshena, kile kinachokaza cheni, iliyopoteza presha ya oili usiku. Ukiendelea hadi sekunde tano, au ukirudi kila unapokanyaga mafuta kidogo, hiyo ni cheni iliyorefuka pamoja na gia za kamshafti zilizolika. Meno ya gia hizo yakichakaa huwa makali na kuinama upande mmoja, cheni ikaruka jino, kisha valvu zikapigana na pistoni. Hapo huongelei tena matengenezo, unatafuta injini nyingine.

Kompyuta hukuambia mapema. Misimbo ya hitilafu P0016 na P0017 maana yake kamshafti na krankshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) haziendi pamoja. Ukiikuta, hesabu cheni, tenshena, gia zote mbili za kamshafti, gasketi na ufundi. Muuzaji akisema "cheni tumeshabadilisha bosi", omba risiti na usome kilichoandikwa. Kama ni cheni peke yake bila zile gia mbili, kazi imefanyika nusu: cheni mpya juu ya meno yaliyolika itaharibika haraka.

Kinachoua cheni hizi kwa sehemu kubwa ni oili iliyokaa muda mrefu. Fungua mfuniko wa kuwekea oili, mulika ndani. Rangi ya kahawia ya dhahabu kwenye chuma ni sawa. Ukiona weusi mzito kama lami, funga, shukuru, ondoka. Injini hii inachukua lita 5.5, na oili iwe ile yenye idhini ya Mercedes 229.5 au 229.3 iliyoandikwa nyuma ya galoni. Wengi hapa wanaweka lita nne za oili yoyote kwa sababu galoni ni la lita nne.

Kitu cha pili kwa umuhimu, na ndicho kilichonifanya niiache gari ya pili, ni sumaku za kamshafti, zile za umeme zinazorekebisha mwendo wa kamshafti. Ziko mbili, za duara, mbele ya injini juu, kila moja ina soketi yake ya umeme. Injini ikiwa imezimwa, chomoa soketi, ingiza tishu, ivute. Ikitoka kavu, vizuri. Ikitoka na oili, sumaku inavuja kwa ndani, na oili hiyo haidondoki chini ukaiona. Inapanda ndani ya waya kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari, taratibu, mwezi baada ya mwezi, hadi ifike kwenye kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Kwa hiyo ukikuta unyevu kwenye sumaku, usiishie pale: mwombe fundi afungue soketi ya kontroli boksi na mfanye jaribio lilelile la tishu. Gari ya pili tishu ilitoka nyeusi huko. Muuzaji alikuwa anashangaa kwa dhati kabisa, alidhani gari linamisi kwa sababu ya plagi.

Kama oili haijafika kwenye kontroli boksi, dawa yake si ghali: sumaku mbili mpya, na vipande viwili vifupi vya waya vinavyowekwa kati ya sumaku na soketi ya gari ili siku nyingine oili iishie humo.

Injini ikiendelea kunguruma bila kukanyagwa, sikiliza mluzi mwembamba kutoka chini ya manifoldi ya kuingizia hewa. Kuna paipu ya mpira ya kupumulia ambayo hukauka na kupasuka, injini ikavuta hewa isiyopimwa, ikatetemeka, ikaleta P0171. Paipu yenyewe ni rahisi. Kinacholipwa ni saa za fundi, kwa sababu kuifikia ni kazi.

Ufunguo. Chomeka, usiuzungushe, sikiliza. Utasikia mlio mfupi wa mota ndogo, "krii", ambayo inafungua kabari ya stelingi. Nilirudia mara kumi kwa kila gari, dalali akiniona mwendawazimu. Mota hiyo huchakaa na kufa bila taarifa: siku moja unachomeka ufunguo, dashibodi haiwaki, stelingi imefungwa, na gari unalivuta kwa breakdown. Mlio ukichelewa au ukisikika wa kuchoka, ni bili ya karibuni. Ila pima betri kwanza, kwa sababu betri dhaifu nayo huleta dalili hizohizo. Gari likiwa limelala isomeke kama volti 12.5, likiwaka iwe kati ya 13.8 na 14.5. Halafu dai funguo mbili na ujaribu zote. Ufunguo wa Benzi hauchongwi mtaani kama wa gari nyingine, unapangiwa namba ya sasi ya gari lenyewe.

Gia boksi otomatiki ya Kompressor ni ya gia tano, 722.6, ngumu na yenye kusamehe. C200 za baada ya kubadilishwa sura mwaka 2011 zina gia saba. Toa P weka R: ikichukua zaidi ya sekunde mbili kushika, au ikishika kwa kishindo, kuna jambo. Kisha endesha angalau nusu saa, mpaka oili ya gia ipate moto wa kweli. Ukiwa kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa, kanyaga mafuta kidogo sana. Gari likitetemeka kama linapita juu ya rasta za barabarani, kufuli ya konventa (kile kinachounganisha injini na gia boksi) inateleza. Mara nyingi oili mpya humaliza tatizo, lakini bei iteremke kana kwamba haitamaliza.

Gari likiwa juu ya shimo la fundi, tafuta soketi ya duara ubavuni mwa gia boksi. Ndani yake kuna mipira miwili ya O, ikichoka oili ya gia huvuja na, kama ile ya sumaku, hupanda kwenye waya. Kipuri ni cha bei ndogo. Gia boksi hii haina stiki ya kupimia oili, kuna bomba tu lenye mfuniko wa lakiri, na kiwango hupimwa oili ikiwa na joto la nyuzi 80. Fundi anayekwambia ameipima ikiwa ya baridi hajaipima. Oili sahihi ni idhini 236.14. Zile za gia saba za 7G-Tronic Plus zinatumia 236.15, ya rangi ya bluu, na hazichanganywi.

Hukohuko chini, mulika sabufremu ya nyuma, yaani fremu ndogo ya chuma pale mikono ya magurudumu inaposhikiliwa. Gari lililoishi Ulaya au kaskazini mwa Japani limepita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi kuyeyusha theluji, na kutu hula sehemu hiyo kutokea ndani. Gonga na bisibisi. Chuma kizima hulia, kilichooza humeza sauti. Rangi nyeusi mpya iliyopuliziwa chini ya gari la miaka 15 inanitia wasiwasi kuliko kutu yenyewe.

Bushi na boljointi za mguu wa mbele karibu zote kwa barabara zetu zimekwisha, kwa hiyo sikubishana nazo, nilizikatia bei tu. Stelingi ikitetemeka unapofunga breki kwenye mwendo wa 80 au 90, ndizo hizo au diski. Mtikisiko ukiwa D umesimama kwenye foleni ni maunting za injini. AC ijaribu mchana, gari limesimama, dakika kumi, ukiwa na kipimajoto kwenye tundu la katikati: kikizidi nyuzi 12, usikubali maneno ya "gesi tu".

Kwa bodi, ile sumaku ndogo ya kwenye kitambaa inatosha: ipitishe taratibu, penye chuma pasiposhika huenda pana puti. Fungua soketi za taa za nyuma uangalie waya wa kahawia, ambao ndio wa athi. Pini yake huungua na kuyeyusha plastiki. Halafu vuta mikanda ya viti hadi mwisho, usome lebo yenye tarehe ya kutengenezwa. Gari la 2009 lenye mkanda wa 2014 huenda limewahi kupata ajali iliyolipua eabegi. Taa ya eabegi nayo lazima iwake ufunguo unapozungushwa, kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameinyamazisha.

Kilomita za dashibodi sizipi uzito mpaka nione cheti cha Japani cha kusafirisha gari, ambacho huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa huko. Karatasi ya mnada ikipatikana, alama ya R au RA ni gari lililotengenezwa baada ya ajali. Na "namba E", yaani pleti ya Tanzania yenye herufi zinazoanza na E, isikudanganye: inaonyesha lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Namba ya sasi soma mwenyewe, kwenye kadi na iliyogongwa sakafuni chini ya zulia karibu na kiti cha mbele cha kulia. C200 Kompressor huanza na WDD204041, tarakimu inayofuata ikiwa 2 ni stelingi ya kulia tangu kiwandani. Herufi ya baada yake ni kiwanda. Ukikuta R, imeunganishwa East London, Afrika Kusini.

Kwenye kompyuta, usifurahie kukosa misimbo kabla ya kutazama ukurasa wa majaribio ya ndani ya injini. Kama mengi yanasomeka hayajakamilika, kumbukumbu imefutwa leo asubuhi. Kidude cha simu kinasoma injini tu. Kwa gia, eabegi na stelingi nililipia fundi mwenye mashine ya Mercedes.

Madeni ya trafiki nilitazama kwenye mfumo wa polisi mtandaoni, na ya maegesho vilevile. Jina la kwenye kadi likalingana na kitambulisho cha aliyekaa mbele ya wakili, na pesa ikaenda kwenye akaunti yake, siyo ya dalali.

Niliyonunua ni Kompressor ya 2009. Sumaku zote mbili zilikuwa na unyevu, kontroli boksi kavu. Taa moja ya nyuma imeungua pini, bushi za mbele zimekwisha, soketi ya gia inavuja. Niliandika bei za vipuri za maduka ya mtaa wa Gerezani, Dar, kwenye karatasi mbele ya muuzaji, nikaongeza ufundi, jumla tukaigawana nusu kwa nusu. Wiki ya kwanza gari halikwenda popote: sumaku, waya, oili lita 5.5, soketi na oili ya gia pamoja na filta yake. Fundi aliposhusha sampo ya gia niliomba kuiona sumaku ya ndani. Ilikuwa na tope laini la kijivu kama dawa ya meno, bila kipande hata kimoja cha chuma.