Maji ya kisima cha kwao

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, kamwene. Tafakari ya wiki hii tusome 2 Samweli 23:13-17, na ukipata nafasi ongeza Ruthu sura ya 4, ni fupi tu haichoshi.

Daudi yuko kwenye pango la Adulamu, kipindi cha mavuno, na Wafilisti wameweka ngome yao Bethlehemu, yaani kwao kabisa, pale pale alipochungia kondoo wa baba yake, sasa hivi hawezi hata kukanyaga. Basi katikati ya vita inamjia hamu moja ya ajabu, hatamani nyama wala hatamani ufalme, anatamani maji, na sio maji basi tu, anataka ya kile kisima kilicho karibu na lango la Bethlehemu. Jeshi haliishi bila maji, kwa hiyo huko walikokuwa maji ya kunywa hayakukosekana. Alichokuwa anakitaka ni kwao.

Mtu aliyetoka kwao anamwelewa bila kuelezwa. Sisi wa Makete tulioshuka huku Mbeya kutafuta maisha, na wengine wako Makambako, wengine Kariakoo huko (Mkinga, yaani mtu wa kwetu Makete, na duka hawaachani jamani), tukikutana msibani au kwenye harusi hata chai haijamiminwa tumeshaanza, unakumbuka ile baridi, unakumbuka viazi vya kuchoma kwenye majivu, unakumbuka Kitulo maua yakichanua. Na tumepata cha kuringia zaidi maana Kitulo tangu 2005 ni Hifadhi ya Taifa, watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kuangalia maua ambayo sisi tulikuwa tunayakanyaga tukifuata ng'ombe, na wenyewe tunapaita Bustani ya Mungu. Pazuri kweli, sibishi. Ila tusikilize vizuri siku moja, stori zetu za nyumbani zimejaa maua na viazi, watu hawamo, au wamo kwa mbali mno.

Sasa wale mashujaa watatu. Hawakuagizwa, walisikia tu mkubwa wao anatamani, wakaondoka, wakapenya katikati ya Wafilisti, na kutoka Adulamu mpaka Bethlehemu ni kama kilomita 20 hivi za milima, wakachota, wakarudi nayo. Daudi akayashika mkononi akakataa kuyanywa, akayamimina mbele za Bwana, akasema atainywaje damu ya watu waliohatarisha maisha yao. Kuna wanaosema pale aliwavunja moyo vijana wa watu. Mimi naona kinyume, naona ndiyo mara ya kwanza kwenye hiyo hamu yake anaona watu. Mwanzo alikuwa anaona kisima na lango, sasa anaona nani ameyabeba hayo maji na kwa gharama gani.

Na kwetu sisi gharama tunaijua, tuseme tu wazi. Utafiti wa kitaifa wa 2011/12 ulikuta maambukizi ya VVU mkoa wetu wa Njombe ni asilimia 14.8 kwa watu wazima, karibu mmoja katika kila saba, hakuna mkoa uliotuzidi nchi nzima. Hiyo ni namba ya baadaye, miaka ya nyuma kule Makete tulishazika mpaka machozi yakaisha, wazazi waliondoka wakaacha watoto, na watoto wakalelewa na bibi zao. Wengi humu tumelelewa hivyo hivyo. Bibi yangu alizika watoto wake akabaki na sisi wajukuu na shamba la pareto, alfajiri barafu imeshika majani ya viazi yeye yuko kwenye matuta anachuma maua kidole kwa kidole, anayaanika, wingu likikusanyika anakimbia kuyaingiza ndani, na pareto ikikauka inakuwa nyepesi kweli, unajaza kikapu kizima halafu kwenye mizani hakuna kitu. Hiyo ndiyo daftari, hiyo ndiyo sare. Koti la shule hakununua, alichukua koti la marehemu baba akalipunguza mikono mwenyewe kwa sindano ya mkono, nikalivaa mpaka likanibana. Jioni nikirudi akiniona natokea kule bondeni nimelivaa alikuwa anageuka kuangalia pembeni.

Ndiyo maana nikasema ongeza Ruthu 4. Naomi alitoka Bethlehemu na mume na vijana wawili, akawazika wote Moabu, akarudi mikono mitupu na mkwe wake Ruthu tu. Mstari wa 16 unasema akamtwaa yule mtoto wa Ruthu, Obedi, akamweka kifuani pake, akawa mlezi wake. Obedi huyo ndiye babu yake Daudi. Biblia haisemi kama Daudi pale pangoni alimuwaza Naomi na mimi simwekei maneno mdomoni, lakini hiyo Bethlehemu anayoililia ilimfikia kupitia kifua cha bibi aliyezika wanawe.

Kuna kitu kinaniuma kidogo, mtanisamehe. Tunajenga nyumba nzuri kijijini zinafungwa kufuli Januari mpaka Desemba, sina neno na nyumba, jengeni, lakini mama mdogo wa mtu jirani na hiyo nyumba anauza kuku ili apate nauli ya kwenda hospitali. Daudi hayo maji hakuyaweka kwenye chupa ayaringie.

Alhamisi kwenye maombi kila mtu aje na jina moja la aliyembeba nyumbani. Kama ameshalala tutamshukuru Mungu kwa ajili yake, kama yupo tutamwombea na tusiishie kuomba, simu si mnazo. Halafu mwenye gari linalopanda zile kona 57 za barabara ya Chimala kwenda kwetu mwisho wa mwezi aseme mapema, kuna mablanketi yamekusanywa pale kanisani yanatakiwa yafike kwa wazee, maana Juni hiyo inaingia na mnaijua Juni ya kule.