Munkoyo wa mahari

Mwanaume aliyeendesha treni tangu ujana wake hajui kukaa. Niliyaona hayo mwaka 2015, mume wangu, baba Ilunga, alipostaafu akarudi kwetu Katuba, mjini Lubumbashi, Kongo, moja kwa moja. Alfajiri, jogoo bado hajawika, ameshavaa, anakunywa chai amesimama, anatoka hadi kwenye mlango wa lupango, yaani ua wetu, anarudi. Akikalishwa kwenye kiti anaangalia saa ya mkononi: "Sasa hivi wako Likasi." Tukimaliza kula: "Hawa wamefika Tenke." Wajukuu wakazoea kumwuliza, "Nkambo, treni iko wapi?" naye anawajibu bila kufikiri.

Kwa watu wa Lubumbashi reli si kazi kama kazi nyingine. Mji na reli vilizaliwa pamoja: treni ya kwanza ilifika 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa, na hadi leo ukitaja Bukama au Kamina, karibu kila familia ina mtu wake aliyefanya kazi kwenye njia ile. Baba mkwe wangu alikuwa fundi wa reli. Mume wangu akawa mashinisti. Kwa hiyo ndoa yetu ilikuwa ya kuagana na kupokeana. Anakuja, analala usingizi mzito, anakula, anaangalia daftari za watoto, kesho hayupo. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, darasa limejaa, na nyumbani watoto wanne. Tulipendana, sisemi hatukupendana. Lakini kufanya kazi moja pamoja, mikono yake na yangu kwenye chombo kimoja, hatukuwahi kupata nafasi.

Watoto wetu walijitahidi. Mmoja alimletea redio mpya, mwingine kuku wa kufuga, na wote walimletea ushauri. Redio aliisikiliza habari tu akaizima. Kuku aliwagawa. Nikafika mahali pa kuamini kwamba mtu mzima aliyezoea jukumu hafurahishwi na kitu cha kupitishia muda. Anataka kazi yenye uzito, kazi ambayo ikiharibika kuna mtu atapata aibu.

Kazi hiyo ililetwa Oktoba 2016 na mama Kabwe, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Oktoba kwetu ni mwezi wa joto kali, mvua bado zinajivuta, vumbi jekundu limeingia hadi kwenye masanduku ya nguo, na kila mtu ana kiu. Aliingia Jumatano jioni, hata hajakaa vizuri:

"Mama Ilunga, wakwe wanakuja Jumamosi kutoa mahari. Wanatoka Sakania. Bia nimeagiza, lakini wazee wao wameomba munkoyo. Mimi sijui kupika wa kuwatosha watu wale. Wewe unajua."

Munkoyo ni kinywaji cha uji wa mahindi unaolegezwa kwa mizizi. Nilijua kupika wa nyumbani, wa sufuria moja. Yeye alitaka nusu pipa. Tena kwa watu wa Sakania, kule mpakani na Zambia, ambako mtoto anaonja munkoyo kabla hajaota meno! Nilikuwa natafuta namna ya kukataa kwa heshima, ndipo sauti ikatoka nyuma yangu:

"Eyo. Tutapika."

Alikuwa baba Ilunga. Hajawahi kupika hata chai, na ameshakubali.

Alhamisi tulikwenda wote wawili soko la Kenya. (Kenya yetu ni komini, sehemu ya mji, jirani na Katuba, si ile nchi.) Tulikuta mama wanaouza mizizi ya munkoyo iliyofungwa mafungu kwa kamba ya gome. Nilimwonyesha kwa vidole vyangu namna ya kuichagua: unaparuza ganda kwa ukucha, unanusa. Wenye harufu ya ukungu utaharibu pipa zima. Alinusa kila fungu kwa makini, uso umekunjamana, mpaka mama muuzaji akamwambia, "Mzee, mizizi yangu haina homa, usiogope." Akacheka. Kicheko hicho nilikuwa sijakisikia tangu astaafu.

Ijumaa alitwanga. Nilimpa kinu na mchi, akavua shati, akabaki na singleti. Mizizi ya munkoyo haisagwi ikawa unga. Inapondwa mpaka inafumuka na kubaki nyuzinyuzi ndefu, kama kamba ya katani iliyofumuliwa. Wanawake wengi huishia nusu, mkono unachoka. Yeye hakuacha. Mjukuu wetu Ngoie alichuchumaa pembeni akiokota vipande vilivyoruka, na wapita njia walisimama mlangoni kuangalia mzee wa treni anatwanga kinu. Hakuwajali.

Mimi nilishika moto. Tuliweka nusu pipa juu ya mawe matatu, makala (makaa) chini, maji mpaka yakachemka, kisha unga wa mahindi ukakorogwa taratibu kwa mwiko mrefu usipate mabonge. Ukiiva unakuwa uji mzito. Hapo ndipo pana kazi ya kweli. Uji lazima upoe kwanza. Ukitia mizizi ungali moto sana, nguvu yake inakufa na uji utabaki uji. Ukichelewa ukapoa kabisa, mizizi inalala. Inatakiwa ikute joto ambalo mkono unalivumilia kwa shida. Ikikuta joto hilo, baada ya muda uji mzito unalegea wenyewe, unakuwa maji ya kunywa, mtamu bila sukari. Nimeufanya tangu utoto wangu, na bado kila mara nauangalia kwa mshangao.

Baba Ilunga akaleta daftari. Lilikuwa daftari lake la kazini, lenye kurasa tupu mwishoni. Akaandika kwa mwandiko wake wa kusimama wima: "14:20, moto umeondolewa." Kisha akaanza kupima kwa mgongo wa mkono ubavuni mwa pipa, anangoja, anapima tena, anaandika. Nikamwambia tutie sasa. Akakataa, bado. Nikamwambia mimi ndiye mpishi. Akasema, "Mama Ilunga, breki haifungwi stesheni. Inafungwa kabla." Sikuelewa mara moja. Alimaanisha hesabu ya kesho: kwa joto la Oktoba munkoyo utachachuka haraka, na wakwe watakunywa alasiri, basi tuanze kuhesabu kutoka kwenye kikombe cha mkwe turudi nyuma. Kumbe kila siku nilikuwa nafanya kwa mazoea kitu ambacho yeye alikifikiria kama safari yenye ratiba.

Tulitia mizizi jioni. Tukakoroga, tukafunika, tukala bukari na ndakala, tukangoja.

Usiku nilifunua nikakuta katikati umelegea vizuri, lakini chini na pembeni bado ni mzito. Pipa lilikuwa kubwa kuliko uzoefu wangu, na limepoa kwa nje haraka kuliko kwa ndani. Umeme ulikuwa umekatika. Niliona mbele yangu uso wa mama Kabwe na wazee wa Sakania wamekaa na vikombe vitupu. Baba Ilunga hakusema neno la lawama. Aliwasha mbabula, jiko letu la makala, akachota uji wa chini kwenye sufuria, tukaupasha kidogo tu, tukaongeza mizizi iliyobaki, tukarudisha pipani na kukoroga. Kisha sufuria nyingine. Ngoie alishika tochi ya simu mpaka usingizi ukamshinda, tukamlaza kwenye mkeka. Tukabaki wawili na makala.

Ni pale, mwiko ukipita kwake na kurudi kwangu, alipoanza kuzungumza. Mtoto wetu wa tatu alizaliwa yeye akiwa Bukama. Hilo nililijua. Alirudi siku kadhaa baadaye na mzigo wa samaki wakavu, akauweka jikoni, akamwangalia mtoto, akalala. Nilikuwa nimekaa na picha hiyo miaka mingi, na haikuwa picha nzuri. Usiku ule aliniambia kilichotangulia. Habari zilimfikia stesheni, kwa simu ya reli. Treni yake ilikuwa imezuiwa, njia haijafunguliwa, na hakuna namna ya kuniletea hata salamu. Akashuka kwa miguu mpaka mtoni, kwenye Lualaba, akazunguka kwa wavuvi akiuliza samaki gani anayefaa kwa mama anayenyonyesha. Wavuvi wakabishana, kila mmoja na samaki wake. Akanunua wa kila aina.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umechoka. Nami nilikuwa nimechoka. Halafu nikaondoka tena."

Samaki wale nilikula wote. Maziwa yalitoka mengi, hilo nalikumbuka. Nikakoroga munkoyo wa watu bila kusema kitu kwa muda, naye akachukua mwiko mkononi mwangu akaendelea.

Kulipokucha pipa lote lilikuwa limelegea, povu jepesi juu, utamu upo na ukali kidogo umeanza kuuma ulimi. Tulichuja kwa kitambaa, tukajaza ndoo na bidoni, tukazizungushia magunia yaliyolowa, kivulini.

Alasiri wakwe walifika, nguo zimenyooka, magari yamechafuka. Mazungumzo ya mahari sitayasimulia, yalikuwa marefu kama yanavyokuwa. Nilikuwa namwangalia bibi mmoja mwembamba wa upande wao, aliyepewa kikombe cha kwanza. Alikunywa funda moja akalishika mdomoni. Baba Ilunga alisimama karibu na ukuta, mikono nyuma, kama mtu anayengoja ishara ya kuondoka stesheni. Bibi akameza. Akauliza mizizi imetwangwa na nani, maana imetoa nguvu yake yote. Mama Kabwe akamwonyesha. Bibi akamtazama kutoka kofia hadi viatu, akanyoosha kikombe kiongezwe, akasema kwa sauti ya kusikika na watu wote, "Aksanti, baba."

Alirudi nyumbani akanisimulia tukio lile lote, mimi niliyekuwa pale pale! Nikamsikiliza mpaka mwisho, na nikamwomba arudie sehemu ya kikombe.

Tangu hapo tunapika kila Ijumaa. Fedha yenyewe si nyingi, inasaidia makala na ada za Ngoie, lakini siku ya Alhamisi mume wangu ana soko la kwenda, na Jumamosi ana watu wanaomgongea mlango wakimtaka yeye. Hasemi tena treni iko wapi. Daftari limejaa, amenunua jingine, na tunabishana juu ya joto la pipa kama vijana.

Mtoto wetu wa Kolwezi aliposikia alipiga simu akicheka, hakuamini. "Baba anapika munkoyo? Basi nitumieni bidoni kwa basi." Baba yake akamnyang'anya Ngoie simu. Kolwezi ni zaidi ya kilomita 300, akamweleza, na kwenye joto hili munkoyo utafura njiani, kwa hiyo tutajaza bidoni robo tatu tu na kifuniko tutakilegeza, naye amwambie dereva aiweke wima, mbali na injini, na aipokee yeye mwenyewe kituoni, asimtume mtu. Kisha akachukua daftari na kumwuliza basi linaondoka saa ngapi.