Noël aliyepotea kwenye rejista

Mzee mmoja mkulima wa zabibu kutoka Hombolo alifika dirishani kwetu mara tatu kufuata kadi ya uanachama. "Shikamoo babu." "Marahaba mwanangu. Leo nimo?" Hayumo. Jina lake la ubatizo ni Noël, na vile vidoti viwili juu ya e hakubali viachwe. Kwenye rejista ya karatasi alikuwemo tangu zamani. Iliniuma.

Kanzidata yetu, yaani programu inayotunza rejista kwenye kompyuta, ni PostgreSQL, na utafutaji wetu hugeuza kila kitu kuwa herufi ndogo kwa amri ya lower ndipo ulinganishe. Rejista ilikuwa imeingizwa kwa herufi kubwa: NOËL. Nikaijaribu peke yake, ikarudi "noËl". N, O na L zimeshuka, Ë imebaki imesimama vilevile. Nikazitazama baiti zake, namba ambazo kompyuta huhifadhia herufi: 4e 4f c3 8b 4c. Herufi nne, baiti tano, kwa sababu Ë katika UTF-8, usimbaji (njia ya kuandika herufi kwa baiti) tunaoutumia, hukaa kwenye baiti mbili. Ndogo yake, ë, ni c3 ab.

Usimbaji ulikuwa UTF-8, sawa kabisa, ndiyo maana nilipoteza siku nzima nikichunguza mahali pasipo na kosa. Tatizo lilikuwa LC_CTYPE, mpangilio unaoiambia kanzidata ipi ni herufi kubwa na ipi ndogo. Kanzidata ilitengenezwa LC_CTYPE ikiwa C, na C hugeuza A hadi Z tu. Mpangilio huo haubadilishwi baada ya kanzidata kuundwa. Nikatoa bakapu, nikaunda mpya kutoka template0, kiolezo tupu cha PostgreSQL, kwa sw_TZ.UTF-8, mpangilio wa Kiswahili cha Tanzania (upo kwenye Linux, ila kwetu ilibidi kwanza niuwashe kwenye seva), kisha nikarudisha data yote. Noël akaonekana.

Wakati wa kuchapa kadi nikakuta jingine. Wanachama wa Ng'hong'onha walisomeka "Ng'Hong'Onha", maana initcap, amri ya kupandisha herufi ya kwanza ya kila neno, huona kiapostrofi kama mwisho wa neno. Mgogo hawezi kupewa kadi yenye jina la kwao limekatwakatwa hivyo. Nikaacha initcap, nikagawa majina kwenye nafasi tu, nikapandisha herufi ya kwanza kwa upper(left(neno,1)) na kushusha zilizobaki kwa lower(substr(neno,2)). Amri hizo huhesabu herufi, si baiti, kwa hiyo hata jina linaloanza na É halikatiki katikati.

Mzee aliporudi nilimpa kadi mkononi. Aliisogeza karibu na macho, akapitisha kidole juu ya vile vidoti viwili, akaitia mfuko wa shati.